Mfalme Aliyerudi, na Wale Wajakazi Kumi na Wawili

Alhamisi. Ukungu haujaondoka hapa Kibirichia tangu asubuhi, na mimi sina raha.

Shajara yangu, leo nakuambia jambo ambalo hata kwenye maombi nimekuwa nikilizungukazunguka.

Unakijua kile kitabu cha hadithi za Wayunani alichoniazima mwalimu wa misheni. Huwa nawasomea akina mama wa darasa la kushona. Mwezi huu tulikuwa na yule mfalme aliyekwenda vitani, akapotea baharini, akakaa miaka ishirini bila kurudi, mkewe akimngoja, na nyumba imejaa wanaume wanaokula mali yake. Niliwaambia huyo ni shujaa wa kweli, mtu wa subira kama Yusufu gerezani.

"Miaka ishirini!" akasema Nyanya Karimi. "Alipotea njia, mwalimu, au alipata mpishi mwingine?"

Tulicheka mpaka sindano zikaanguka. Tena Nyanya hakukosea, maana kitabu chenyewe kinasema miaka saba alikaa kwa mwanamke mwingine.

Lakini kuna ukurasa niliuruka. Mfalme akishawaua wale wanaume, anamwita mlezi wake mzee amtajie wajakazi waliolala nao. Mlezi anawataja kumi na wawili. Wanaamriwa kubeba maiti na kuosha damu, kisha wananyongwa wote kwa kamba moja. Hakuna aliyewauliza kama walikuwa na njia ya kukataa.

Niliuruka kwa sababu Kanana alikuwa ameketi mbele yangu.

Kanana ni mke wa mdogo wangu, Mugambi. Mugambi alipelekwa kizuizini na Waingereza miaka minne iliyopita, akishukiwa kuwa Mau Mau. Sisi tukatolewa mashambani, tukarundikwa katika kijiji hiki chenye handaki pande zote, na wanawake wakapangiwa zamu ya kuwapikia mahomgadi, wale askari wenyeji wa serikali, kambini kwao. Kanana alikwenda zamu. Sasa ana mtoto wa kike anayeanza kutembea, na kila mtu anaweza kuhesabu miaka.

Mugambi alirudi Jumatatu.

Hakupiga kelele. Alimtazama mtoto, akatua mzigo wake, akaja kula kwangu. Hapa kwetu mwanamume akikataa chungu cha mkewe, watu hawahitaji kuambiwa zaidi. Siku tatu nimempakulia viazi na maharagwe nikijiambia ni huruma ya dada. Uongo. Nilijua kila sahani niliyompa ilikuwa inamsukuma Kanana nje ya nyumba yake.

Jana akaniuliza, "Dada, mwenye kalamu hapa kijijini ni wewe. Ni nani wengine walikuwa wanakwenda kule?"

"Wa nini?"

"Wewe nitajie tu."

Yule mlezi mzee ni mimi.

Na hili ndilo ungamo langu. Mzee wa kijiji hajui kuandika, kwa hiyo orodha ya zamu niliiandika mimi. Kuna wiki moja ambayo jina la kwenda kule lilikuwa langu. Nilikuwa nimeshasikia yanayowapata wanawake kule. Nikalifuta, nikaandika Kanana. Nilijisemea kwamba hana watoto, ana nguvu, na mimi nina darasa la Jumapili. Nilijificha nyuma ya kazi ya Bwana.

Leo mchana Mugambi alikuja akakuta mafiga yamepoa.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Sikupikii tena."

Akacheka kwa pua. "Hata wewe, dada? Kule kizuizini angalau walinipa uji."

Nikamwambia yote, nimesimama, mikono imeshika aproni. Kwamba jina la kwenda kule lilikuwa langu, na mkewe alipelekwa na kalamu yangu.

Akayatazama yale mafiga, kisha akanigeukia.

"Kwa hiyo unataka nianze na wewe?"

"Kama ni lazima uanze na mtu, anza na mimi. Majina sikupi."

Hakunigusa. Alichukua koti lake akatoka. Kwa Kanana hakwenda. Amesimama kule kando ya handaki ametupa mgongo, na yuko huko mpaka sasa ninapoandika, filimbi ya kafyu haijapigwa.

Nimemfikiria sana yule mfalme. Baharini alikuwa hodari, sibishi. Alijua kuvumilia mawimbi na njaa na matusi ya watu. Ila kuwasikiliza wasichana kumi na wawili kabla ya kuwatundika, hilo lilimshinda, na mimi siwezi tena kusimama mbele ya akina mama nikamwita shujaa. Au labda namkataa tu kwa kuwa naogopa ndugu yangu asije akafanana naye. Sijui. Mungu ndiye anajua.

Kanana amepita hapa sasa hivi, mtoto mgongoni, akaniwekea maziwa kidogo mlangoni.

"Wifi, Mungu akubariki," akasema. "Kijiji kizima wewe peke yako hujawahi kuninyooshea kidole."

Anaamini ni mzee wa kijiji aliyemchagua. Miaka yote hii anaamini hivyo. Nikapokea maziwa, nikasema asante.

Mugambi nimemwambia. Kanana bado.

Kesho asubuhi nitakwenda kwake, kabla hajayasikia kwa mtu mwingine. Ee Bwana, ni hatua thelathini tu. Nisigeuke njiani.