Swali la Mama na Nyumba ya Vioo

Amerika, baridi inaelekea kwisha

Kwa kaka yangu Mfaume, Kilwa Kivinje

Shikamoo kaka. Natumaini kile kifua kilichokusumbua kimeachia, na kwamba shemeji na watoto wote wanaendelea vyema. Mimi ni mzima, ila vidole vimepasuka kwa baridi, ndiyo maana leo mwandiko wangu unakwenda upande kama kaa. Mama hajambo? Magoti yake je? Mwambie namwamkia yeye kwanza, ingawa karatasi imekutanguliza wewe.

Barua yako ya ndege ilinifikia. Umeniandikia kwamba ile picha niliyoikata gazetini imezunguka baraza zote za Kivinje hadi imeanza kuchanika, na kwamba umelikubali shauri langu. Ukuta wa kati ya sebule na chumba cha ndani utavunjwa, nyumba iwe ukumbi mmoja mpana wenye mwanga, kama hii ninayoitunza huku. Fundi atatoka Lindi masika yakiisha. Waliosema asiyekuwapo na lake halipo hawakunijua mimi. Mwaka wa kumi na mbili huu sipo, na neno langu linavunja ukuta.

Kaka, nakuomba usiuvunje. Najua ni mimi niliyekutia maneno. Ngoja nikueleze kilichonigeuza, kisha unitukane ukipenda, maana haki unayo.

Nyumba hii ilijengwa kabla ya vita, nami niliajiriwa hapa miaka michache baada ya kushuka melini. Ni ya chini, paa lake bapa kama meza, na pande tatu ni vioo kutoka sakafuni hadi juu. Ndani hakuna vyumba kama tunavyovijua sisi. Pa kulia, pa kusomea na pa kulala panafuatana tu, na kinachopatenga ni kabati au pazia jepesi. Viti vya ukutani vimeshikizwa palepale, hata kitanda hakisogei. Kazi yangu ni kusugua mbao, kufuta vioo na kuokota ndege wanaojigonga humo wakidhani ni hewa. Paa linavuja kila theluji ikiyeyuka. Nyumba ina umri wa kijana wa kuoa, na bado watu wanaiita nyumba ya kesho.

Sitaki nikudanganye kwamba ni mbaya. Aliyeichora alijua kazi. Asubuhi jua likiingia kwenye zile mbao nyekundu, hata mimi niliyezifuta mara elfu husimama nikatazama. Wanafunzi wa uchoraji wa majumba huja kwa mabasi, wanapima milango, wanaandika, na huko mjini nimeona nyumba mpya zilizoiga dirisha hili na viti hivi. Nadhani wajukuu wao watakuja pia. Kwa hiyo niliposema ni nyumba nzuri nilisema kweli. Nilikosea kudhani kwamba inayopendeza kutazamwa basi inatosha kuishi.

Unakumbuka mwisho wa barua yako uliandika, kwa kunichekesha, kwamba mama amekataa kukubali wala kukataa. Amesema neno moja tu: "Mwulize mdogo wako, huko Amerika watu wanafia wapi?" Ukaongeza kwamba uzee umemwingia. Nami nilicheka, kaka. Nilicheka peke yangu, barua mkononi, Mungu anisamehe.

Hazikupita wiki tatu, bwana mwenye nyumba akaanguka. Alikuwa mwalimu wa chuo, mtu mpole, hakuwahi kuniita kwa mluzi. Walimpeleka hospitali, akafia huko, akaoshwa huko na watu wasiomjua, akazikwa. Nyumbani hakurudi hata kwa saa moja. Hilo ndilo jibu la kwanza la swali la mama, na lilinikata maini.

La pili lilikuja siku zilizofuata. Bibi mwenye nyumba alirudi toka makaburini akakaa kwenye kiti chake. Kila aliyepita barabarani alimwona. Jirani akizoa theluji mlangoni pake anamwona, mleta barua anamwona. Akihamia kitandani, bado anaonekana toka bustanini. Siku ya nne likaja basi la wanafunzi, walikuwa wameahidiwa zamani na hakuna aliyekumbuka kuwazuia. Kwetu husemwa mgeni njoo mwenyeji apone. Wale walisimama nje na kamera zao, na mwenyeji yuko ndani ya kioo na macho yamevimba. Nilitoka nikawaomba waondoke. Waliona haya, si watu wabaya.

Nikampendekezea bibi nitundike shuka. Alitazama vioo, akasema mumewe na mchoraji waliapizana vioo vya nyumba hii visitundikwe nguo, na hatavunja neno la marehemu kabla hata udongo haujakauka. Sikubishana naye. Nilikwenda jikoni nikamchemshia chai, niliporudi kiti kilikuwa kitupu.

Hapa inabidi nikuambie kitu ambacho sijawahi kukuandikia. Chini ya jiko mna chumba kidogo cha tanuri la kupashia nyumba joto. Hakina kioo hata kimoja, kuta zote nne ni za matofali. Humo ndimo ninamosalia tangu nilipofika, maana sikupenda kusujudu huku watu wa barabarani wakinitazama. Nina mkeka wangu humo na birika la kutawadhia. Basi nilisikia sauti kutoka huko. Nikashuka, nikamkuta bibi amekaa kwenye mkeka wangu, amevua viatu, analia kwa sauti kubwa kama wanavyolia akina mama kwetu. Sijawahi kumsikia Mzungu akilia hivyo. Niligeuka ili niondoke, akaniita.

"Salumu, niwie radhi," alisema. "Nimezunguka nyumba nzima. Huku tu ndiko kwenye ukuta."

Nikamwambia akae, mkeka ni wake. Nikapanda juu nikasimama jikoni, na mimi nikalia. Nilimlilia baba, kaka. Baba aliyeoshwa katika chumba cha ndani, nami niko baharini, sikumshika hata mguu. Nikamkumbuka mama, aliyekaa eda humo miezi minne na siku kumi, pasiwe na jicho la mtu juu yake. Sote sita alituzaa humo. Na mimi, kwa picha ya gazeti, nimekuambia upavunje ili wageni wa sebuleni wapate hewa.

Mama hakuwa anauliza habari za Amerika. Alikuwa anatuuliza sisi yeye tutamweka wapi siku yake ikifika. Hakutaka kututia aibu kwa kulisema wazi, na sisi wawili, watu wazima, tukaona ni mzaha.

Kama roho yako imeshapenda usasa, sikulaumu. Panua dirisha la sebule upande wa barabara. Jenga kiti cha ukutani chenye kabati chini yake, mchoro wake nimeuambatisha, na kazi hiyo hata fundi wetu wa hapo Kivinje anaiweza. Chumba cha ndani kipakwe chokaa mpya, basi. Na kama barua hii imechelewa na ukuta uko chini, usijilaumu, nilaumu mimi. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini ukuta husimamishwa tena. Mwambie fundi ausimamishe kabla hajarudi Lindi.

Mimi sasa nasali kwenye banda la zana. Bibi aliniomba nimtilie komeo mlango wa chumba cha tanuri, la kufungia akiwa ndani. Ni kitu pekee katika nyumba nzima ambacho mchoraji hakukichora. Dukani makomeo yaliuzwa mawili mawili, ya shaba.

Nisalimie shemeji Zuhura, na shangazi anayekaa Rasbura, mwambie dawa yake ya kikohozi bado ninayo. Msalimie mwalimu wangu wa Kurani ikiwa yu hai, na dada yetu mdogo, ambaye sitaki kusikia kwamba ameshakuwa bibi. Jirani mvuvi asiyelipenda jina langu, naye mpe salamu, labda amesahau ugomvi wetu.

Komeo la pili linakuja kwa meli, limefungwa kwenye kitambaa cha buluu. Usiligawe wala usilionyeshe barazani. Mkabidhi mama mkononi, kisha fundi alikaze kwenye mlango wake wa ndani, upande wa ndani, usawa wa mkono wake yeye, si wako.

Mdogo wako,
Salumu