Harufu Iliyoingia Fleti Namba Sita

Pueblo, Colorado
Oktoba 9, 2016

Mpenzi Chelo,

Natumaini karatasi hizi zitakukuta mzima, wewe na Darren na mapacha, na kwamba baridi ya Anchorage bado haijaanza kuwauma. Je, mgongo uliokusumbua kwa kunyanyua wagonjwa umepata nafuu? Sisi huku miili haijambo. Pilipili zimevunwa, na kila kona watu wanazichoma kwenye yale mapipa ya kuzungusha, hivyo kwa wiki mbili hizi angalau harufu yake imeishinda ile nyingine. Mama yako anakusalimu sana. Ameniagiza nikwambie kwamba hajafa, hajafungwa, na havuti bangi.

Najua umeshasikia. Binamu yako Ramiro alikupigia simu, akakwambia mama amepewa notisi ya kuhama kwa ajili ya bangi, nawe ukampigia ukamgombeza kama mtoto, na miaka yake sabini na minane. Alilia, Chelo. Sikulaumu. Lakini ulipohama mimi ndiye uliyeniachia mama, ukaniambia, "Berna, wewe ndiye msimamizi wa jengo, utakuwa jicho langu." Basi nisikilize hadi mwisho kabla hujaamua lolote.

Unalikumbuka ghala la matairi nyuma ya jengo letu, tulikokuwa tunacheza kujificha? Lilikaa tupu miaka ishirini. Sheria ya jimbo iliporuhusu bangi, Bwana Haskett, mwenye jengo, akalipangisha kwa wakulima wa bangi waliotoka mbali, kwa kodi mara tatu ya ile aliyokuwa akiomba zamani bila kumpata mtu. Sasa mafeni yananguruma mchana na usiku. Harufu inatoka humo kama kicheche aliyekanyagwa, inaingia madirishani, inakaa kwenye mapazia, kwenye nguo za kwenye kamba, kwenye mikate. Mjukuu wa Bi Ortiz wa namba mbili alipekuliwa mkoba shuleni kwa sababu koti lake lilinuka. Kasichana ka miaka tisa! Wapangaji wakaniletea malalamiko, nami nikayapeleka kwa Haskett. Alicheka, akaniambia, "Berna, hiyo siyo harufu, hiyo ni maendeleo."

Maendeleo hayo yamepita mtaani kama upepo wa vumbi. Wafanyakazi wa mashamba ya bangi wanamiminika kutoka majimbo mengine, na wenye nyumba wote wameamka. Kodi ikipanda, familia zinahama. Zikihama, nyumba inapakwa rangi ya kijivu na kodi inapanda tena. Jengo letu tu ndilo lililobaki, kwa kuwa serikali kuu ya Washington inawalipia wazee wetu sehemu kubwa ya kodi, na Haskett hawezi kuipandisha atakavyo. Lakini mkataba wake na Washington unaisha Desemba, na mtu anayetaka kupangisha upya anapenda aikute nyumba tupu.

Na hapa ndipo damu inaponichemka. Jimbo linasema bangi ni halali. Washington inasema ni kosa, na kwenye jengo linalosaidiwa na Washington, mpangaji akipatikana nayo anaweza kufukuzwa. Kwa hiyo tajiri anailima nyuma ya ukuta, anaiuza ng'ambo ya barabara, anapeleka watoto wake chuo kwa fedha yake, na mzee anayelala katikati ndiye mhalifu. Haskett aliuona mlango huo akaingia.

Mama yako mikono imemharibika, unajua, miaka thelathini ya kunyanyua masufuria kwenye jiko la kiwanda cha chuma. Asubuhi nyingine hawezi kufunga kifungo. Mwaka jana alianza kununua dawa ya kupaka yenye bangi katika duka lililo mkabala, lenye leseni ukutani. Hakuificha. Kopo lilikaa mezani kando ya chumvi. Mwezi wa Agosti akaletewa notisi kwamba amekutwa akivuta bangi ndani ya fleti. Kuvuta! Mwanamke aliyekuwa akimfukuza marehemu baba yako na sigara yake hadi nje ya geti!

Nikampeleka kwa wakili wa msaada wa kisheria, binti mdogo mwenye akili kali, na Jumanne iliyopita tukafika mahakamani. Haskett alivaa tai, akamwambia hakimu kwamba yeye anatii tu sheria ya nchi, tena kwa huzuni. Mama yako hakungoja kuitwa. Aliinuka na fimbo yake akasema, "Bwana Haskett, ghala linalonuka ni la nani? Na lile duka nililonunua dawa ya mikono, jengo lake ni la nani? Maana wakati wa kupokea kodi yao pua yako huwa imeziba." Watu wakacheka mpaka karani akafunika mdomo. Hakimu akamwomba mama akae, kwa adabu kabisa, naye akakaa akinyoosha sketi yake.

Kisha wakili wa Haskett akasoma ushahidi wake: ripoti ya ukaguzi ya mwezi Julai, isemayo kwamba moshi na harufu ya bangi vilikutwa ndani ya fleti namba sita, yaani kwa mama yako, na iliyotiwa saini na msimamizi wa jengo.

Chelo, msimamizi wa jengo ni mimi. Saini ni yangu.

Haskett aliniita ofisini kwake. Fomu ilikuwa imeshajazwa. Nilimwambia jengo zima linanuka, hata kwangu kunanuka. Akasema, "Basi hutapata shida kutia saini." Halafu akaniuliza, polepole, kama ninakumbuka kwamba fleti ninayoishi inakwenda pamoja na kazi. Nikasaini. Siku hiyo sikuwa nimekanyaga kwa mama yako. Na baada ya hapo nilikula tamale zake za unga wa mahindi, nilimwendesha kwa wakili, nilimlaani Haskett ngazini kwa sauti kuliko wote. Nilikuwa napiga kelele ili nisijisikie mwenyewe. Haya maneno yote makali niliyokuandikia hapo juu ni ya kweli, lakini nusu ya hasira hiyo nilipaswa kujielekezea mimi.

Waliniita nithibitishe saini. Nikasema saini ni yangu, maneno siyo yangu. Hakimu akashusha miwani, akaniuliza kama naelewa kwamba nakiri kusaini uongo. Nikasema naelewa. Wakili wa Haskett akajaribu kulitaja kopo la dawa, hakimu akamwambia notisi inasema kuvuta, haisemi kupaka, na akaitupilia mbali kesi.

Nilimrudisha mama yako nyumbani. Alipofungua mlango wake ndipo aliponigeukia. "Berna," akasema, "ulikuwa unakula mezani kwangu." Akaingia, akafunga. Afadhali angenipiga kwa ile fimbo.

Kesho yake Haskett alinifukuza kazi na kunipa siku mbili niondoke. Nilikuwa napakia masanduku kwenye gari, bila kujua nitaelekea wapi, mama yako aliposhuka ngazi, hatua moja moja. Akasema, "Panda juu. Sijakusamehe. Panda tu, chakula kinapoa." Tangu siku hiyo nalala sebuleni kwake. Kanuni zinaruhusu mgeni siku kumi na nne tu, na sitaongeza hata moja, nisimpe Haskett sababu ya pili. Nimepata chumba kwa dada yangu huko Walsenburg. Desemba bado inakuja, kwa hiyo tusijidanganye kwamba tumeshinda. Wapangaji wanakutana Alhamisi na yule wakili, nami nitakuwepo, nikikubaliwa kukaa nao.

Nilimwomba mama akueleze yeye, kwa kuwa ana maneno laini kuliko mimi. Alikataa. Alisema, "Mwandikie mwenyewe. Mimi simdanganyi binti yangu kwa ajili yako, wala simwambii ukweli kwa niaba yako."

Basi nimekuambia. Ukipata nafasi mpigie mama, anakaa karibu na simu kila Jumapili akijifanya anasafisha kabati. Wasalimie mapacha na Darren. Mimi sikudai jibu, lakini nitalingoja.

Niliyekuwa rafiki yako, na ambaye angetamani kuendelea kuwa,

Bernadette Maes