Shimizi ya Uzazi

Mama,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na sitajifanya sina. Nimekaa kwenye veranda yako hapa Kavimvira, mtoto amelala mapajani. Ndiyo, nimeshajifungua, ni msichana. Na ile shimizi uliyonishonea nimeivaa. Lakini ngoja nikueleze nilivyoipata, maana ungekuwa hai ungecheka kwanza, halafu ungemgombeza mdogo wako.

Uliponiita kutoka Luvungi tumbo lilikuwa limeshakua. Ulisema mtoto wa kwanza hazaliwi ugenini, anazaliwa kwa mama wa mama yake. Nikapanda pikipiki na beseni langu la vitu vya uzazi, nikakukuta kwenye cherehani, na kitambaa cha pamba chenye maua madogo ya buluu.

"Nakushonea shimizi," ukasema.

Wasichana wa siku hizi wanasema robe ya kulala, na wanamaanisha vile vitu vinavyong'aa, vya kamba mabegani, vinavyovushwa kutoka Bujumbura. Kwako shimizi ilikuwa gauni pana la mikono mifupi, linaloshuka chini ya magoti. Mwanamke analala nalo, anaamka nalo, anawasha moto nalo, na akitaka kutoka anajifunga kitenge juu. Wamama wa kanisa walikusema sana kwa kwenda bombani hivyo. Ulikuwa ukiwajibu, "Minye niko kwangu," yaani mimi niko kwangu. Hii ya kwangu uliipasua mbele, ukaweka vifungo toka shingoni mpaka kiunoni, ili mtoto anyonye bila mimi kujivua mbele za watu.

Halafu ukafanya lile kosa. Hukuwa na tabia ya kupima mtu. Kila nguo uliijaribu mwilini mwako, hata suruali za Baba. Basi ukaivaa, ukaingiza mto tumboni kuona kama tumbo langu litaenea, ukatoka uani unatembea umejishika kiuno. Majirani walicheka. Mama mdogo Furaha alicheka mpaka akakaa chini. Wiki hiyohiyo homa ikakushika, na haikukuachia.

Sasa sikia. Baada ya mazishi walikusanya nguo zako zote wakazitia sandukuni. Desturi naijua: sanduku haliguswi mpaka mjomba ashuke kutoka milimani, aondoe matanga na kuzigawa. Sikubisha. Nilisema tu kwamba shimizi ya maua ni yangu, ya uzazi, itolewe. Mama mdogo alikuwa ameshafunga ufunguo kwenye ncha ya kitenge chake.

"Weye mutoto," akaniambia, "yeye aliivaa. Sisi wote tuliona. Nguo yenye marehemu alivaa iko ya marehemu. Unataka kumupokea mutoto na kifo?"

Wote wakaitikia kwa vichwa. Walewale waliocheka ulipotembea na mto. Tangu siku hiyo ikawa nguo ya marehemu, hakuna aliyeiita jina lingine. Mama, nilichukia. Uliivaa kwa muda wa kuzunguka ua tu, kwa ajili yangu, na wao wakanionyesha hilo kama ushahidi. Mfiwa ana maneno gani mbele ya wakubwa?

Mjomba naye akawa wa kutuma salamu. Leo njia imekatika kwa mvua, kesho usalama si mzuri, kesho kutwa ng'ombe anaumwa. Uchungu haukumngoja. Nikaenda kujifungua nimevaa tisheti ya mume wangu, ile ya kampeni, uso wa mgombea umenyooshwa juu ya tumbo langu. Muuguzi alimsalimia, "Bonjour, mheshimiwa." Hata mimi nilicheka, halafu nikalia, kwa sababu wewe ndiye ungecheka zaidi. Na kila mtoto alipotaka ziwa, niliipandisha tisheti mpaka shingoni, kifua chote nje, wageni wa wenzangu wakitazama ukutani kwa adabu. Ndicho ulichotaka kuniepusha nacho.

Tuliporudi nyumbani niliiomba tena. Mama mdogo akasema, "Tungojee yomba wako." Nikangoja. Kumbe.

Asubuhi moja nilipita dirishani kwake nikienda kuanika nepi. Sanduku lilikuwa wazi. Alikuwa amekaa kitandani, shimizi yangu ameikumbatia, uso ameuzamisha humo. Kwa hiyo ufunguo ulikuwa wa kutufungia sisi, na yeye alikuwa anajifungulia. Niliingia bila kubisha hodi, nikasema maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake mdogo.

"Mutoto ananyonya minye niko kifua wazi, na weye unakaa hapa unanusa?"

Hakukasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika. Akasema polepole, "Harufu yake iko humu bado. Weye ukiikamata, utaifua."

"Ndiyo nitaifua. Iko nguo."

Akaikunja, akairudisha sandukuni, akafunga. Siku hiyo ugali ukapikwa mara mbili katika nyumba moja, kama kwa wake wenza.

Jana mchana akanijia hapa verandani. Shimizi ilikuwa mikononi mwake, imepigwa pasi, vifungo vyote vimefungwa. "Nimeifua minye mwenyewe," akasema. "Nguo ya mufu haiendi kwa mutoto bila maji. Sasa iko yako."

Niliipokea, nikaipeleka usoni kabla sijafikiri. Sabuni. Sabuni na joto la pasi ya makaa, basi. Nikageuza kwapa, nikageuza shingo, nikatafuta kwenye pindo kama mtu aliyepoteza pete. Hukuwemo. Mama mdogo alisimama ananitazama nikinusa, na nikajua anajua ninachotafuta, kwa sababu alikitafuta kabla yangu, pale kwenye kamba ya nguo. Nilishinda ugomvi, Mama, na ushindi wenyewe ndio huu. Nikalia kwa hasira. Sijui hata hasira ya nani: yake, ya mjomba, yako uliyeondoka, au yangu niliyesema nitaifua kana kwamba nilijua ninachosema.

Mtoto aliamka akitaka ziwa. Nikaivaa. Vifungo vinafunguka kwa mkono mmoja, kama ulivyokusudia. Mama mdogo alimshika mtoto kichwa akamweka vizuri.

Lala salama, Mama. Bado nimemkasirikia mdogo wako, usinihimize nimsamehe. Lakini mjomba ametuma habari kwamba anashuka, safari hii kweli. Siku sanduku litakapofunguliwa mbele ya watu wote, wataanza na maji, wafue kila kitu kisha wagawe, kama kawaida. Nakuahidi nitasimama na mtoto mgongoni, na wakitaka waniite mkosa adabu. Nitasema zote zilizobaki apewe mama mdogo Furaha, na mtu asizifue.

Mwanao.