Kidole Changu na Usingizi wa Punje

Chumba cha mwisho uani,
Nyuma ya duka la dobi.
Jumamosi, 14 Juni, mchana.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nakuamkia kwa mikono miwili, kama ulivyonifundisha kupokea kitu cha mkubwa. Goti lako linasemaje? Na kikohozi cha Babu kimemwachia, au bado wanabishana? Sisi huku ni wazima wa mwili, namshukuru Mungu. Roho ndizo ziko juu juu.

Ulipopiga simu nilikujibu kwa kifupi, nikasingizia kazi. Ukweli ni kwamba machozi yalikuwa karibu. Sasa nimekaa chini, Punje amelala ndani ya tenga la nguo safi hapa miguuni pangu, acha nikueleze taratibu.

Jumatatu mwanangu anapasuliwa moyo. Nimeandika haraka, maana nikichelewa kalamu itagoma. Lile tundu tuliloambiwa huenda litajiziba lenyewe, halikujiziba. Naogopa, Shangazi. Natembea naogopa, nakula naogopa, hata nikicheka, kicheko kinakatikia njiani.

Daktari alikuwa amesema hawezi kumgusa mpaka aongeze uzito. Basi ikawa kila kliniki tunamweka kwenye mizani, na mshale umekaa pale pale kama umegandishwa. Ninyonyeshe, nimlishe, wapi! Jina la Punje alipewa na baba yake kwa utani, wakati ule bado tuna utani.

Sasa sikia nilichokuwa nikifanya, na usinicheke. Kila mtoto akilala namtia kidole ubavuni nione kama anapumua. Akishtuka akalia, roho inatulia: yupo. Akisinzia tena, kidole tena. Nilijiona mama mwenye macho kumbe ndiye niliyekuwa nikimchosha.

Nesi wa mizani ndiye aliyenikamata. Tulikuwa kwenye benchi tunasubiri, Punje kalala begani, na kidole changu hakina adabu.

"We mama, unamfanyaje huyo mtoto?"

"Namwangalia kama yupo."

"Yupo. Basi na wewe mwache awepo! Moyo wenyewe unafanya kazi ya mioyo miwili, halafu wewe humpi hata nafasi ya kupumzika. Atanenepa saa ngapi?"

Benchi zima likanigeukia. Nilitamani sakafu inimeze.

Nikarudi kazini nimeapa sitamgusa tena. Unamkumbuka Mama Pasi, mwenye duka hili? Kwake mtu anaanza na kola, anakuja mabega, mikono, mgongo, anamalizia mbele, na pasi haiachwi katikati ya shati hata nyumba ikiungua. Siku ile ile nikaiacha. Nilikuwa kwenye mkono wa shati la mwalimu mmoja, mteja wetu, Punje akanyamaza kimya kile cha kutisha, nikaruka kwenda kwenye tenga. Alikuwa amelala tu. Nyuma yangu moshi.

Mama Pasi akalinyanyua lile shati, akanichungulia kupitia tundu. "Hodi humo ndani! Mwalimu leo umemfungulia dirisha."

Nilidhani nafukuzwa. Nikalia mpaka kamasi. Akachukua mkasi, akakata mikono yote miwili, akapinda, akashona. (Mwalimu amelivaa. Anasema lina hewa.) Kisha akaniuliza kama huwa naomba. Nikasema naomba sana, naomba hata sauti inakauka.

"Ukishaomba unafanya nini?"

"Naenda kumgusa."

Hapo hapo, Shangazi, nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Namwomba Mungu, halafu naenda kuhakikisha kwa kidole kama amenisikia.

Basi akanipa kazi yake mwenyewe, aliyoifanya alipomuuguza marehemu mume wake. Shati moja, sala moja. Kwenye kola unataja jina la mgonjwa, halafu unashuka nalo na pasi, hufiki kwenye tenga mpaka shati limetundikwa. Ukifika, unaangalia kwa macho. Mikono nyuma kama askari.

Shati la kwanza lilikuwa refu kama barabara. Nikasema "Baba, huyu ni wako kabla hajawa wangu," kisha nikaogopa nilichosema, maana kama ni wake anaweza kumchukua. Nikaendelea hivyo hivyo kwa woga wangu. Nilipotundika nikaenda kuangalia, kifua kinapanda, kinashuka. Nikarudi kwa shati jingine. Siku nyingine nashindwa, kidole kinatoroka. Lakini nyingi nashinda.

Sitakudanganya kwamba woga umehama. Upo. Ila zamani ulikuwa unanikalia kifuani, sasa umekaa pembeni na mimi napiga pasi. Na kuna furaha inakuja katikati ya shati, Shangazi, sijui hata inatokea wapi, naikuta tu, kama mtu amefungua mlango nikiwa nimeinama. Nikiwa karibu na Mungu vile, hata kidole kinatulia.

Na mshale umesogea! Nesi alipiga makofi, akamwita daktari, ndiyo maana tumepewa Jumatatu. Ona maajabu: nililoliomba ndilo linalonitisha.

Baba Punje naye, jana ameosha kikombe kimoja mpaka nikamnyang'anya. Nikamwambia njoo unyooshe hata leso. Akanyoosha, midomo inacheza. Sikumuuliza anasema nini.

Ninachokuomba ni hiki. Jumatatu asubuhi wakishamwingiza, mimi sitakuwa na shati mkononi, na mlango ule mama haruhusiwi kuupita. Naogopa mikono yangu mitupu kuliko kitu chochote. Wewe siku hiyo shika kazi yoyote, fagia, fua, na utaje jina lake unapoanza. Usipige simu. Nitajua uko naye, na mimi nitakaa nimetulia.

Nisalimie Babu, mwambie akiacha kubishana nacho, kikohozi kitaondoka chenyewe. Nisalimie Mjomba fundi viatu na dada zangu wote wawili, yule mkorofi mpe salamu mbili. Mungu aliyekulinda wewe uliponilea mimi nisiye wa tumbo lako, akulinde mpaka umbebe huyu.

Mimi mwanao, nikupendaye kuliko ninavyojua kuandika,

Mama Punje

Nilikuwa nakunja karatasi, nimeifungua tena. Tangu "Shikamoo" mpaka hapa sijamgusa. Sasa hivi ameamka mwenyewe, ameniona, na anacheka na soksi ya mtu mdomoni.