Ulanzi wa Kabla ya Saa Nne

Ilula, 14 Januari 2024

Kwako wifi yangu Esnath,

Mmeamkaje huko Mbeya? Shemeji kifua chake kimetulia? Huku mimi na Blessing tu wazima, ila goti langu linatabiri mvua na halijakosea hata siku moja. Naandika kwa sababu vocha nimeiondoa kwenye matumizi. Barua ataileta dereva wa lori la nyanya.

Ushauri wako nimeufuata. Sabuni nimeikata vipande vinne. Majani ya chai nachemsha mara mbili. Ile mara ya pili Blessing aliniuliza kama nimesuuza kikombe tu. Lakini akichaguliwa kidato cha tano, Julai atataka godoro na nauli, na godoro halichemshwi mara mbili.

Ila hilo la kukata mianzi yote ya marehemu niwauzie wasuka matenga, hapana, wifi. Kaka yako Zabron aliipanda mwaka ule tuliooana. Alipokwenda kugema alivua kofia akaitia mfukoni, ati mwanzi haupendi majivuno. Acha nigeme ulanzi, maji ya mianzi hiyo, niuze. Najua mimi ni mama wa kwaya, kwa hiyo nitauza kabla ya saa nne asubuhi tu, ukiwa bado mtamu, haujachacha kuwa pombe. Wakati huo hata mtoto anakunywa.

Wifi yako,
Yusta

Mbeya, 2 Februari 2024

Wifi Yusta,

Salamu nyingi. Shemeji yako anakohoa kwa adabu sasa, tunamshukuru Mungu.

Wifi, nani kakudanganya kwamba mtu akinunua saa tatu anakunywa saa tatu? Mimi nimezaliwa hapo. Baba alikuwa ananunua asubuhi, anafunika, kisha anaukalia kama kuku anayeatamia. Jioni anakosea nyumba.

Kaka ametuacha Juni, na mwanawe hawezi kulala juu ya kumbukumbu. Kata mianzi. Usipokata, Pasaka nakuja mwenyewe na panga.

Wifi yako mwenye uchungu na wewe,
Esnath

Ilula, 10 Machi 2024

Wifi Esnath,

Habari za baridi ya huko? Sisi hatujambo. Blessing amefaulu! Sasa soma ukiwa umekaa.

Wazee wa kanisa, Mzee Sifaeli na Mzee Philbert, walikuja Jumamosi kuchunguza biashara yangu. Saa moja asubuhi wakaonja.

"Hii ni sharubati," akasema Mzee Sifaeli. "Haina dhambi."

"Sasa dhambi inaingia saa ngapi?" akauliza Mzee Philbert. "Tukipeleka taarifa bila saa, mchungaji atatucheka."

Wakaomba viti. Kila saa wakaonja. Saa nne wakasema bado. Saa sita wakasema bado, kwa sauti ya kusikika barabarani. Saa tisa waliimba wimbo wa mavuno, wote wawili besi. Ndipo mke wa Mzee Philbert akafika.

"Baba Amos, unachunguza nini hapa?"

"Saa, mke wangu!"

"Na sasa ni saa ngapi?"

"Bado!"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikageuka nimwambie Zabron, nikaona mlango tu.

Taarifa yao haijaandikwa mpaka leo, lakini mimi nimeacha kuuza. Ulisema kweli, na sitaki mke wa mtu aje kumwokota mumewe kwangu. Basi, wifi. Njoo na panga lako. Ila siku hiyo nitashinda kwa jirani.

Yusta

Ilula, 24 Machi 2024

Wifi Esnath,

Natumaini barua hii itakuwahi. Usije na panga! Njoo na nguo za Pasaka tu.

Nilimwita Jailos, fundi wa matenga, aje apange bei ya mianzi yote. Akanitazama kama naumwa.

"Mama Blessing, michanga ya nini? Inavunjika kama biskuti. Mimi natoa iliyokomaa, ndipo mingine inachipua. Kwani si ndivyo tunavyofanya kila Agosti?"

"Tunafanya na nani?"

"Na marehemu. Miaka kumi na moja."

Wifi, kila Agosti kaka yako aliniletea kitenge. Nikiuliza, anasema nyanya zimepanda bei. Nyanya Agosti, wakati zinaoza sokoni! Nami nikawa nawasifu wakulima wenzetu.

Jailos amechukua mashina arobaini, godoro limeshanunuliwa, limeegemea ukuta na Blessing analipapasa kila akipita. Mengine atayafuata Agosti. Mianzi imebaki imesimama, na mimi nimebaki na hasira ambayo sina pa kuipeleka. Vile vitenge ninavyo vyote.

Wifi yako,
Yusta

Mbeya, 27 Machi 2024

Wifi yangu Yusta,

Salamu za shemeji. Panga nimelirudisha kwa mwenyewe, nilikuwa nimeliazima.

Nina jambo la kuungama kabla sijafika Jumamosi. Kitenge nilikuwa napata na mimi, wifi. Kila Agosti, kwa basi, kimefungwa kwenye gazeti. Kaka alinionya nisikwambie, ati utauliza kapata wapi. Juzi nilifungua sanduku nikavihesabu, nikalia, kisha nikacheka kwa sababu viwili vinafanana na vyako.

Msimamizi wa mianzi sasa ni wewe. Agosti Jailos akija, na mimi unikumbuke.

Wifi yako,
Esnath