Habari Ziwafikie

Jumatano, 10 Aprili 1996

Nimeanika betri tena. Nne, juu ya bati la jiko, zimejipanga kama dagaa. Jua lenyewe la kubahatisha, linatoka robo saa linaingia. Nikisahihisha madaftari kumi natoka, nazigeuza upande wa pili. Mwalimu mzima wa darasa la sita, nageuza betri.

Redio hii itaniua. Kifuniko cha nyuma kilipotea mwaka juzi, sasa pamefunikwa kwa kipande cha boksi na mpira wa baiskeli. Springi imelegea, nimeijazia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Eriali ilikatika, tumeunga waya hadi kwenye pau. Ukisimama karibu nayo inasema. Ukikaa inakoroma. Nabaki katikati ya chumba, mkono juu, kama mtoto aliyeadhibiwa.

Ningeshaitupa. Lakini pantoni la Kivukoni limesimama tangu wiki iliyopita, mto umejaa, barua hazivuki. Mama yuko ng'ambo, upande wa Mahenge, na tangu Januari miguu imemvimba, moyo unamwenda mbio. Likitokea jambo, nitalisikia kwenye matangazo ya vifo saa saba mchana. Hakuna njia nyingine. Kwa hiyo naanika betri.

Ijumaa, 12 Aprili

Mume wangu, Baba Fausta, kaja jana toka shamba kuchukua unga na chumvi. Leo alfajiri kaondoka na betri zangu mbili, zile mpya. Katia kwenye tochi yake. Kaniachia mbovu zake mbili juu ya meza, kama zawadi.

Nilimwambia jana, nikamrudia: hizi za redio, usiguse. Akanijibu nguruwe wanaovamia mpunga usiku wanaogopa tochi, hawaogopi redio. Mpunga umeanza kuinamisha vichwa, najua. Mimi pia nitaula. Lakini mtu anasema "nimekusikia" halafu anachukua. Sikio la kufa halisikii dawa.

Nimechanganya mbili nzima na mbili mbovu. Saa saba imesema dakika nne. Nimewachapa darasa zima kwa kelele ambazo labda hata hazikuwepo.

Jumamosi, 13 Aprili

Saa saba. Matangazo yalianza vizuri. Msiba wa Songea, msiba wa Singida. Halafu ikazimika katikati. Nikaipiga kofi. Kimya. Nikatoa betri, nikaziuma kwa meno, nikazirudisha, nikapiga kofi la pili. Ikarudi kwa sauti kubwa kabisa: "...habari ziwafikie Benitho wa Kilosa, Mwalimu Skolastika wa Lipangalala, Ifakara, ndugu, jamaa na marafiki popote pale walipo. Bwana ametoa, Bwana ametwaa."

Ikafa.

Mwalimu Skolastika ni mimi. Benitho ni kaka yangu. Kuna mtu wetu amekufa na sijui ni nani.

Nimekimbilia kwa Mzee Likwata, jirani, mwenye redio nzima. Shikamoo mzee, umesikia tangazo? Amesikia. "Jina lako nimelisikia, mwalimu. La marehemu sikulishika. Matangazo yalikuwa mengi, nami nilikuwa nasubiri kama kuna la kwangu." Nilitaka kumpiga kofi kama redio. Mungu anisamehe.

Saa kumi kina mama wa jumuiya wakaingia uani na mikeka, kuni na mchele. Mzee Likwata alishawatangazia. Wakauliza nani. Nikasema sijui. Wakatazamana. Mama Fidelisi akafunga kanga kiunoni, akasema, "Basi tulie kwanza, jina litakuja." Wakalia. Wakapika. Nimekaa ukutani nikipewa pole ya mtu nisiyemjua. Nimewachukia wote na wema wao.

Nimepiga hesabu. Waliotajwa ni mimi na Benitho, kwa hiyo sisi wazima. Waliobaki: Mama, ng'ambo. Shangazi Agata, Chita. Baba mdogo, naye Chita. Wote wazee, wote wagonjwa. Kwa Mama ni mtumbwi na barabara ya matope. Kwa shangazi ni treni, upande mwingine kabisa. Nikikosea njia nitakosa kuzika.

Nimesali. Sala yenyewe ya aibu, naiandika ili nisijidanganye baadaye: kama ni lazima, awe shangazi.

Jumapili, 14 Aprili

Chita. Kina mama ndio walioamua. Shangazi ndiye mkubwa kuliko wote, wakasema, kifo huanza na mkubwa. Kama kwamba kifo kinapanga foleni. Nami nikakubali kwa sababu nilitaka iwe kweli.

Treni ilichelewa. Nilifika saa tisa, kanga kichwani, kilio nimekitayarisha kooni. Shangazi Agata amekaa mlangoni anamenya mihogo. Akaruka kunikumbatia. Nikalia kweli. Akadhani ni furaha.

"Kumbe nani amekufa, mwanangu, mbona umejifunga hivyo?"

Nikamuuliza baba mdogo yuko wapi. Yuko kanisani, anaimba besi.

Nimekula mihogo yake. Ameniwekea karanga. Kila alipocheka nilimchukia, kwa sababu kila aliye hai huku anakisogeza kifo kwa Mama. Shangazi wa watu, hakufanya kosa lolote ila kupona.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimerudi saa nne asubuhi. Moja kwa moja posta. Laini ya simu ya Mahenge imekatika tangu jana, mti umeiangukia. Nimekwenda kwa masista niombe redio yao ya kupeana habari na misheni za ng'ambo. Sista mpole sana. Inatumia betri ya jua, na wiki hii hakuna jua. Katika bonde hili lote hakuna betri hata moja yenye afya.

Sokoni nikakuta kundi la watu. Mfanyabiashara wa mchele kutoka Dar ana simu ya mkononi. Nilikuwa sijawahi kuiona. Nyeusi, kubwa kama kandambili, ina kieriali. Anaiweka sikioni, anaishusha, watu wanaguna. Nikapenya. Nikamwambia ndugu yangu, nina msiba, nisaidie nipige popote, hata Kilosa kwa kaka yangu.

"Huku haishiki, mama. Mitambo yake iko Dar."

"Sasa umekuja nayo ya nini?"

"Nikiiacha wataiba."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Simu ambayo haipigi simu, na imefungwa mkandani kwa ganda la ngozi. Redio yangu angalau nimeifunga kwa mpira wa baiskeli na haijidai.

Nyumbani nimemkuta Baba Fausta. Habari zimemfikia shambani, kaja na matope mpaka magotini, kanipa pole. Nikamwambia pole yako weka kwenye tochi. Nimesema yote. Nimesema mpaka ya mwaka tuliooana. Yeye kasimama, kofia mikononi. Nimeichukua tochi mezani, nimekwenda nyuma, nimeitupa chooni.

Nimesikia ikidumbukia. Ndipo nikakumbuka betri zangu mbili nzima zilikuwa ndani, na matangazo yalikuwa yamebakiza nusu saa kuanza.

Baba Fausta alikuwa amesimama nyuma yangu. Kama angecheka nisingejua la kufanya.

Jumanne, 16 Aprili

Kivukoni tangu asubuhi, mimi na Baba Fausta. Maji yamefika kwenye vibanda vya samaki. Mitumbwi inavusha watu wachache wenye roho ngumu. Kabla sijapanda ukaja mmoja kutoka ng'ambo, umebeba watu watano. Mmoja ni Mama Konrada wa kijijini kwetu. Akaniona, akaingia majini mpaka magotini kabla mtumbwi haujafungwa.

"Pole, mwalimu. Pole sana kwa Otmari."

Otmari. Mdogo wangu, kitinda mimba. Malaria ya siku mbili, imempanda kichwani. Ana miaka ishirini na mitatu. Krismasi alinibebea gunia la mpunga toka shamba hadi nyumbani bila kutua. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma. Nilikaa Jumamosi nzima nahesabu nani anaweza kufa, na yeye sikumhesabu.

Nimepanda mtumbwi. Baba Fausta amepanda pia, naye anaogopa maji kuliko mtu yeyote ninayemjua. Alinishika kanga njia nzima. Nilimwacha ashike.

Jumamosi, 20 Aprili

Niko kwa Mama. Miguu yake imevimba zaidi lakini anatembea. Watu wamepungua, mikeka imekunjwa, amebaki dada wa jirani anayechota maji. Baba Fausta amekata majani ya kuezekea banda la mbuzi. Otmari alikuwa ameliacha nusu. Benitho alifika Jumatano kwa kuzungukia Morogoro na lori, kisha mtumbwi, amechoka hoi.

Sina hasira leo. Nimeitafuta, haipo.

Asubuhi tumekaa uani tunachambua mchele, mimi na Mama, ungo mmoja. Hakunitazama alipoongea. Alisema Jumapili watu walitaka kuzika saa nane kwa sababu ya mvua. Yeye akawakatalia. Wakarudi saa tisa, akawakatalia. Katekista akaja kumsihi. Akawaambia, "Tumsubiri Skola. Benitho labda hatasikia, lakini Skola ana redio." Wakasubiri mpaka saa kumi na mbili, mvua ikiwanyeshea, ndipo wakamshusha.

Saa hizo nilikuwa Chita, nakula mihogo.

Sikumwambia. Nimeinamisha kichwa, nimeendelea kutoa mawe. Akaniuliza kama ile redio bado ni nzima. Nikasema ni nzima, Mama. Akasema vizuri. Tumechambua mpaka ungo ukaisha, tukachota mwingine.