Boksi Lililolala

Kawempe, Kampala,
Uganda.
9 Machi 2025

Kaka mpendwa Obura,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu, ambako mvua zimeanza na matope yamefika mlangoni. Hujambo? Kazi ya hoteli inakwendaje, na joto la Doha limekuachia ngozi yoyote? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umepona? Sisi ni wazima. Mama yako ni mzima pia. Nakutangulizia hilo ili usome yaliyobaki ukiwa umekaa, maana nakujua, ungeruka kila kitu kumtafuta yeye.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu hupokei. Barua ina uzuri wake: huwezi kunikatia katikati. Inakuja na Adoch, binti wa jirani yetu yule polisi, anayekuja huko kuanza kazi. Mpokee vizuri, umwonyeshe mahali pa kununua unga wa ugali, na usimtishe na hadithi zako za nge wa jangwani.

Duka la mama yako pale sokoni Kikuubo linaangaliwa na Nasike, mdogo wangu. Anauza chupa za chai kwa bei ya kugawa sadaka, na Shangazi mwenyewe akisikia hivyo anafumba macho kama mtu aliyechomwa mwiba. Atapona haraka, hata kama ni kwa hasira tu.

Sasa nije kwenye mambo ya Jumanne. Inabidi kwanza nikueleze kazi yangu, ambayo hujawahi kuniuliza. Pale hospitalini niko kule chini, kwenye chumba cha kutakasia vyombo vya upasuaji. Visu, mikasi na koleo vikishaoshwa tunavipanga ndani ya boksi gumu la bati lenye kifuniko, kisha boksi linaingia kwenye mashine ya mvuke. Zamani tulitegemea utepe unaobadilika rangi kwa nje, na karatasi ya ndani ambayo unaiona boksi likishafunguliwa mbele ya mgonjwa. Siku hizi tumeletewa vidude vidogo kama kifuniko cha soda, vinavyokaa ndani ya boksi pamoja na vyombo. Vinapima joto, mvuke na unyevu, na vinatuma habari bila waya mpaka kwenye skrini iliyo juu ya meza yetu. Tunaviita sensa. Nilipomwambia Shangazi kwamba tuna sensa kazini, aliuliza serikali inataka kuhesabu nini tena, si juzi tu wamehesabu watu.

Aliyekuja kuvifunga ni fundi anayeitwa Omolo, mtu wa Kisumu, mwenye Kiswahili cha kwao na haraka za kwao. Betri ya sensa ikichoka, kile kidude kinajizima chenyewe, na Omolo husema kimelala. Ikilala sensa, basi kwake boksi zima limelala.

Lakini neno hilo kwetu lilikuwa na kazi kabla yeye hajaja. Boksi lililotoka kwenye mashine jana na kukaa kabatini usiku kucha tunaliita boksi lililolala, kama ugali uliolala, na asubuhi ndilo linalotoka kwanza kwenda chumba cha upasuaji. Tofauti yake na ugali ni kwamba hakuna anayelinung'unikia.

Jumanne mama yako alikuwa wa kwanza kupasuliwa. Lile rovu, kaka, lilikuwa kubwa kuliko ulivyojua, kwa sababu kila alipokupigia picha alijifunga kitambaa shingoni. Lilikuwa linambana koo, na sauti imekuwa ya kukwaruza. Wewe unajua pale Kikuubo sauti ndiyo duka lake. Wenzake wana nafasi kubwa na mwanga mzuri, lakini wateja wanamfuata yeye kwa kumsikia. Daktari alimwambia kwamba mishipa ya sauti iko karibu sana na mahali pa kukata, na kwamba kidonda cha shingo kikiingiliwa na uchafu mambo huharibika upesi. Ndiyo maana aliahirisha kwa muda mrefu hivyo. Kufa hakumtishi sana. Kunyamaza ndiko kunakomtisha.

Asubuhi ile Omolo alitazama skrini akaona mstari wa joto wa boksi la shingo, lile la vyombo vya kupasulia shingo, umekatikia njiani. Lilikuwa limeingia mashineni jana yake jioni, sensa ikazimika kabla kazi haijaisha, na hakuna aliyejua kama mvuke ulifika ndani. Akamwambia mwenzangu Okidi, huku anakimbilia mashine nyingine, kwamba boksi la shingo limelala. Okidi ni Mwacholi, baba yake alikuwa mwanajeshi, amezaliwa kambini na Kiswahili amekikuta nyumbani. Akasikia alichozoea kusikia. Akaliweka boksi juu ya kitoroli, akalipandisha kwenye chumba cha upasuaji, akarudi anapiga mluzi.

Baadaye kidogo Omolo akaja kulitafuta alirudishe mashineni. Nilikuwa nimesimama katikati yao.

"Boksi ya shingo iko wapi?"

"Si ulisema imelala? Nimepeleka juu."

"Nakuambia imelala, halafu unapeleka?"

"Ssebo, kama imelala, kwa nini nisipeleke?"

Nilicheka, kaka. Kila mmoja alikuwa anamtazama mwenzake kama amerukwa na akili. Halafu nikakumbuka ni shingo ya nani, nikaikimbilia simu.

Nilipiga simu ya juu, akapokea nesi Akidi. Nikamuuliza kama mgonjwa amelala.

"Bado, nyabo, hajalala," akasema. "Daktari wa usingizi ndiyo anatafuta mshipa."

Nikamwambia wasimlaze, na boksi lisiguswe, hatuna uhakika nalo. Akidi hakuniuliza maswali. Nilimsikia akiiweka simu mezani na kuwaambia wasimame. Nilibaki nimeshika simu yangu sikioni ingawa hakuna aliyekuwa anaongea nami.

Boksi la shingo tunalo moja tu. Kuliosha upya, kulirudisha mashineni na kulikausha kungekula asubuhi yote, na wagonjwa wengine wanangoja. Daktari akaja mwenyewe kumweleza Shangazi kwamba itakuwa Alhamisi. Alieleza vizuri. Lakini mtu aliyeshinda na njaa tangu jana yake, amevuliwa hereni na kuvalishwa lile gauni linalofungwa mgongoni, husikia jambo moja tu, kwamba amerudishwa nyumbani. Hilo ndilo alilokuambia wewe kwa kilio, na ndilo lililokufanya unipigie mimi.

Uliyoniambia siku ile sitayaandika yote. Uliniuliza kama mama yako ni wa kujaribia mashine, ukasema apelekwe Nairobi, ukatishia kuwaandikia wakubwa wa hospitali mtu afukuzwe, ukakata. Nilikasirika, usidhani sikukasirika. Nilikuita majina ambayo mama yangu angeyasikia angenifunga mdomo. Lakini ningekuwa Doha na mama yangu analia kwenye simu, nadhani na mimi ningetafuta wa kumpigia kelele. Nimekusamehe, ingawa hujaomba.

Lile boksi tulilifungua baadaye. Kitambaa cha ndani kilikuwa kimelowa na maji yametuama kwenye pembe, na penye maji vijidudu vina njia ya kuingia. Labda visu vyenyewe vilikuwa safi. Labda. Wewe ungekubali mama akatwe shingo kwa labda?

Shangazi alikataa kurudi hospitalini. Alisema Mungu amemwonyesha mlango umefungwa, akajifunika shuka. Jumatano jioni nikasikia hodi, ni Okidi, viatu vimejaa matope, mkononi ana mkate na sukari. Nilikuwa nimemkataza asije. Akakaa, akamweleza yote kama yalivyokuwa, na hakumsingizia Omolo hata kidogo. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. Akamuuliza, kama wangelinyamazia jambo hili, nani angejua. Okidi akasema hakuna, labda baadaye, kidonda kikiharibika. Akafuta uso kwa kiganja. Shangazi akamtazama, kisha akasema kwa ile sauti ya kukwaruza:

"Mimi nikiona chupa yangu ina ufa, namnyang'anya mteja mlangoni. Ananitukana, lakini anarudi. Kesho nipelekeni."

Alhamisi boksi lile tulilipanga mimi na Okidi. Tulikaa mbele ya skrini kama watu wanaongoja penalti. Mstari ukapanda, ukatulia juu, ukashuka, na unyevu ukaisha. Omolo alikuwa nyuma yetu, na betri mpya za akiba mfukoni. Mkuu wetu, Sista Docus, ameshatoa amri: sensa tuseme imezimika, boksi tuseme ni la jana, na kulala ni kwa wagonjwa peke yao. Okidi hakufukuzwa. Nakuomba na wewe, kama yale malalamiko ulikuwa umeanza kuyaandika, uyaache.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Kidonda ni kikavu na kisafi, na uji anakunywa. Kesho yake asubuhi daktari alimwomba ataje jina lake. Akalitaja polepole, na ilikuwa sauti yake, Obura, ile ya zamani, ya kuita mteja aliye ng'ambo ya barabara. Nililia mbele ya daktari bila aibu yoyote.

Baba anakusalimu, na Nasike, na jirani zetu wazazi wa Adoch. Okidi pia anakusalimu, huku akiogopa kidogo. Nisalimie Bonny, yule mnayeishi naye chumba kimoja, na umwambie asikuruhusu ulale bila kula.

Limebaki jambo moja. Mama yako anadhani hupokei simu kwa sababu umemkasirikia yeye. Alhamisi kabla hajaingia alikupigia, ikaita mpaka ikakatika, akanipa simu nimtunzie. Sasa daktari amemruhusu maneno machache tu kwa siku, koo lisichoke. Majirani wakija kumwona anawapungia mkono. Mimi ananionyesha kwa kidole anachotaka. Jana nilimuuliza mbona hata hayo machache aliyoruhusiwa hayatumii. Akagusa simu yake pale juu ya mto.

"Namwekea Obura," akasema. "Anaweza kupiga."

Mungu akulinde huko uliko, na akupe moyo wa kuishika simu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinikatia,
Nerima